Mkoba wa Kuvulia Trauti Uwe Ule Unaoweza Kushonwa Tena

Wakulima wengi wa skimu za makazi katika Nyeri, Naro Moru, Nanyuki na Timau wamepakana na mito yenye samaki aina ya trauti. Kwa kawaida kurasa hizi husema juu ya ng'ombe wa maziwa, viazi, pareto na mbolea. Mwezi huu tutasema juu ya kitu kidogo kuliko hivyo vyote, nacho ni mkoba wa kubebea samaki.

Pengine wako watakaocheka. Watasema mkoba ni mkoba tu, kila mtu achukue alio nao. Lakini mkoba mbaya huozesha samaki kabla hawajafika nyumbani, hukatika ukanda mtu akiwa katikati ya mto, na baada ya miezi michache hutupwa kichakani na fedha zako zimo ndani yake. Kwa hiyo twatoa maoni yetu wazi: mtu anayevua mara kwa mara, au anayewaongoza wageni mtoni, na anunue mkoba wa turubai la pamba wenye ngozi mahali pa uzito, ulioshonwa na fundi aliye karibu naye. Asiuchague kwa uzuri wa macho, bali kwa swali moja: Je, ukipasuka, unaweza kushonwa tena?

TRAUTI WALIVYOFIKA KWETU

Trauti si samaki wa asili wa mito yetu. Waliletwa kutoka nje, na inajulikana kwamba Ewart Grogan aliwatia katika mto Gura, unaotoka milima ya Nyandarua, mwaka 1905. Samaki hao walipenda maji ya baridi yanayokwenda mbio juu ya mawe, wakaenea. Mwaka 1948 kituo cha kuwazalisha kilianzishwa Kiganjo. Hata leo watu huwavua katika Gura, Chania, Thego, Naro Moru, Burguret na mito mingine inayoshuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya.

Siku za ukoloni uvuvi huu ulikuwa mchezo wa walowezi na wageni wao. Binti Elizabeth wa Uingereza alikuwa katika nyumba ya Sagana, chini ya Mlima Kenya, tarehe 6 Februari 1952, siku aliyopata habari ya kifo cha baba yake na kuwa malkia. Wakubwa wa namna hiyo walikuja na mikoba yao kutoka kwao. Kampuni ya Brady, iliyoanzishwa Birmingham mwaka 1887, ilikuwa ikishona mikoba, na mikoba ya turubai na ngozi ndiyo iliyozoeleka mtoni. Mwafrika aliujua mkoba huo kwa sababu aliubeba begani, lakini samaki waliokuwa ndani hawakuwa wake.

Mambo yaligeuka tangu mwaka 1962, mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulipoanza na mashamba makubwa kugawanywa. Sasa jirani wa mto ni mkulima mwenye ng'ombe wake wawili watatu na shamba lake la viazi. Lakini maarifa ya samaki hayakuja pamoja na hati ya shamba. Wazee wengi wa Kikuyu hawakuwa na desturi ya kula samaki, kwa hiyo hapakuwa na mtu nyumbani wa kumfundisha kijana namna ya kumbeba trauti asiharibike. Ndiyo sababu ya maneno haya.

Kabla ya mkoba, tukumbushe jambo moja. Uvuvi wa trauti unahitaji leseni, na ndani ya hifadhi ya taifa au msitu wa serikali unahitaji pia ruhusa ya wenye kutunza mahali hapo. Pitia ofisi ya uvuvi kwanza. Mkoba mzuri haumwokoi mtu asiye na karatasi.

KWA NINI TURUBAI LA PAMBA

Trauti ana nyama laini yenye mafuta kidogo, na joto ndilo adui yake. Ukimtia katika mfuko wa plastiki na kuufunga, anakaa ndani ya jasho lake. Jua la saa sita pale Nanyuki ni kali ingawa upepo ni wa baridi, na kabla ya saa tisa utasikia harufu. Tena mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimekatazwa katika hifadhi za taifa na misitu. Basi mvuvi anayetoka nyumbani na mfuko wa plastiki amekosa mara mbili: kwa samaki na kwa sheria.

Turubai la pamba ni jambo lingine. Ukilichovya mtoni, nyuzi zake huvimba na kubanana. Maji hutoka polepole kwa nje, upepo huyageuza kuwa mvuke, na mvuke ule huondoka na joto. Ndiyo kazi ile ile ya mtungi wa udongo ambao hupoza maji jikoni bila barafu. Wazee watakumbuka pia mifuko ya maji ya turubai iliyofungwa mbele ya magari ya safari. Gari lilipokwenda mbio, maji yalizidi kuwa baridi. Mkoba wa samaki hufanya vivyo hivyo ukilowanishwa na kutundikwa kivulini penye upepo.

Jihadhari hapa. Kitu kinachoitwa turubai sokoni mara nyingi si pamba. Maturubai mengi ya malori siku hizi ni ya plastiki. Hayapitishi hewa, na yakishonwa mkoba hayana tofauti na mfuko ule uliokatazwa. Namna ya kujua ni rahisi. Mwombe fundi akupe uzi mmoja kutoka ukingo wa kitambaa, uuchome kwa kiberiti. Uzi wa pamba huwaka, hunuka kama karatasi, na huacha majivu laini. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Fundi mwaminifu hatakukataza kufanya hivyo.

Iko pia mikoba iliyotiwa tabaka la mpira kati ya vitambaa viwili. Hiyo huzuia maji yasilowanishe nguo zako, lakini nayo haipumui. Ukiwa nayo, usikawie mtoni na samaki ndani.

KWA NINI NGOZI, NA NGOZI GANI

Turubai hubeba, lakini pembe, ukanda na mahali pa kufungia huchakaa kwanza. Hapo ndipo pa ngozi. Mama zetu wanajua jambo hili siku nyingi: kiondo hufumwa kwa mkonge, lakini kamba yake ikitakiwa kubeba mzigo mzito, hutiwa ngozi. Mkoba wa mvuvi ni hesabu ile ile.

Unapochagua, tazama mambo haya.

Kwanza, hakikisha ni ngozi kweli. Ngozi ya bandia ina sura nzuri dukani, kisha hubanduka kama ganda la kitunguu. Tazama ukingo uliokatwa. Ngozi ya kweli ina nyuzinyuzi zilizoshikamana. Ya bandia utaona kitambaa chini na rangi juu.

Pili, uliza ilitengenezwa kwa dawa gani. Ngozi iliyotengenezwa kwa maganda ya miti ni ya kahawia mpaka ndani, nayo ni ngumu na haivutiki upesi, kwa hiyo yafaa kwa ukanda. Ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu au samawati ndani, ni laini, na huvumilia maji vizuri. Yafaa kwa kuzungushia pembe. Wakulima wa milimani wasione mambo ya maganda kuwa ya kigeni. Muwati uliopandwa sana Nyeri miaka ya ukoloni ulipandwa kwa sababu hiyo hasa: maganda yake yalikwenda kiwandani kutoa dawa ya kutengenezea ngozi.

Tatu, ukanda ukatwe kutoka mgongoni mwa ng'ombe, si tumboni. Ngozi ya tumbo ni nyepesi na huvutika. Mkoba uliokuwa kiunoni mwezi wa kwanza utakuwa magotini mwezi wa sita. Upana wa ukanda uwe sentimita 4 au 5, ili usikukate bega.

Nne, chuma cha kufungia mkanda kiwe cha shaba ya manjano. Chuma cha kawaida hushika kutu, na kutu hula turubai na ngozi pamoja.

MSHONO NDIO MKOBA

Mtu hununua kitambaa na ngozi, lakini kitu anachovaa begani ni mshono. Geuza mkoba ndani nje kabla ya kulipa. Pale ukanda unapoungana na mkoba, pawe na kipande cha ngozi upande wa nje na kingine upande wa ndani, turubai likiwa katikati, na mshono uliozunguka kisha ukakatisha kama msalaba. Ikiwa mkanda umeshonwa juu ya turubai peke yake, usiununue hata kwa nusu bei.

Uzi wa pamba huoza kwa maji ya samaki. Mwambie fundi atumie uzi wa kushonea viatu, aupitishe katika nta ya nyuki. Nta hiyo inapatikana kwa majirani wenye mizinga, na huziba matundu ya sindano.

Ukubwa usizidi mahitaji. Trauti wengi wa mito yetu hawapiti sentimita 30. Mkoba wenye upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 28 watosha. Uwe na vyumba viwili: kimoja cha samaki, chenye bitana ya kutoka ambayo huoshwa peke yake, kingine cha ndoana, nyuzi, koleo dogo na kisanduku cha nzi wa bandia. Nje uwe na kijaluba chenye kifuniko kwa ajili ya leseni. Kifuniko cha mkoba kishuke mpaka chini ya nusu, ili ukiinama samaki wasirudi kwao. Ukanda uwe na matundu ya kuupandisha, maana ukiingia majini mkoba yapasa ukae juu ya kiuno.

WANAOPINGA

Tumesikia maneno ya wanaopinga, nayo yasikilizwe.

Wengine husema mkoba wa nailoni ni mwepesi, hukauka upesi, na bei yake ni ndogo. Ni kweli. Turubai likilowa ni zito, na mtu anayepanda kutwa nzima mpaka maziwa ya juu ya Mlima Kenya atauhisi uzito huo. Yeye abebe vyakula na nguo katika nailoni. Lakini samaki hawapendi nailoni, na zipu ya nailoni ikifa mkoba wote umekufa. Mafundi wengi hukataa kuushona kwa sababu kitambaa chenyewe kimekwisha.

Juu ya bei, tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, weka za soko lako. Tuseme mkoba wa nailoni ni shilingi 600 na unadumu mwaka mmoja. Kwa miaka 10 utakuwa umetoa shilingi 6,000, nawe mwishoni huna kitu mkononi. Tuseme mkoba wa turubai na ngozi ni shilingi 3,000, na kila baada ya miaka miwili unampa fundi shilingi 200. Mwaka wa 10 ukifika umekwenda kwa fundi mara nne, jumla shilingi 3,800, na mkoba bado u begani. Ndiyo maana wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Asiye na shilingi 3,000 kwa mara moja aweza kupeleka turubai kwanza, ngozi mwezi wa pili, na malipo ya fundi mwezi wa tatu. Duka halikubali hivyo, bali fundi wa mtaani hukubali.

Wengine husema kiondo kinatosha. Kiondo tunakiheshimu, lakini ute wa trauti huingia katika mafumo na hautoki wote kwa kuosha. Kiondo kibaki na mboga na mayai. Na yule mwenye bwawa nyumbani, anayepeleka samaki wengi hotelini, asidanganyike na mkoba wowote. Huyo anahitaji sanduku na barafu. Mkoba ni wa samaki wachache wa siku moja.

Wako pia wanaosema huu ni mkoba wa wakoloni, turudie ya nini? Jibu letu ni hili. Pamba, ngozi, nta na sindano si vya mkoloni. Huenda mkata wa mkoba ulitoka Uingereza, lakini ng'ombe ni wako na fundi ni wa Karatina. Jambo la aibu lingekuwa kuagiza kutoka ng'ambo kitu ambacho vifaa vyake vinaozea uani kwako.

NGOZI YA NG'OMBE WAKO

Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko mkoba wenyewe. Ng'ombe anapochinjwa, nyama hugawanywa kwa mizani, lakini ngozi huchukuliwa kama takataka. Mara nyingi kosa huanza shambani: kupe wameitoboa, chapa ya moto imewekwa ubavuni, na mchunaji ameikata kwa haraka. Kisha huachwa chini juani mpaka iwe ngumu kama bati. Ngozi hiyo haitoi ukanda wa mkoba, wala wa kitu kingine.

Osha ng'ombe dawa ya kupe kwa wakati wake. Akichinjwa, achunwe kwa kisu cha ncha ya mviringo. Ngozi isafishwe mafuta na nyama, itiwe chumvi siku ile ile, na ianikwe kivulini ikiwa imening'inizwa, hewa ipite pande zote. Mkulima akizoea kuuliza ngozi ya mkoba wake ilitoka wapi, ataanza kuitazama ngozi iliyo zizini kwake kwa jicho jingine. Na fundi akipata wateja wa mikoba, atatafuta ngozi nzuri, naye mwenye ngozi nzuri atakuwa na la kusema kuhusu bei.

KUUTUNZA

Samaki akishavuliwa, muue mara moja, umpasue, utoe matumbo na mashavu, na ukwangue damu nyeusi iliyo kando ya uti wa mgongo. Fukia uchafu huo mbali na mto. Weka majani mabichi yaliyolowa chini, samaki mmoja, majani tena, kisha samaki wa pili. Chovya mkoba mtoni kila mara ukikauka.

Ukifika nyumbani toa bitana, uoshe mkoba kwa maji baridi na brashi, bila sabuni ya unga. Ukaushe kabisa kivulini kabla ya kwenda nao mto mwingine, maana mkoba uliolowa huweza kuhamisha uchafu na magonjwa ya samaki. Usiutundike juu ya meko. Joto hukausha ngozi mpaka ivunjike. Paka ngozi mafuta kidogo mara moja kila miezi mitatu, ukipangusa yanayobaki, kwa kuwa panya hupenda ngozi yenye mafuta kama mtoto apendavyo sukari. Utundike kwa waya kutoka darini, usiuweke sakafuni mwa ghala. Mwezi wa Julai, wakati wa ukungu na baridi, utoe nje kila siku penye upepo, usije ukaota kuvu.

Na ukiona uzi mmoja umekatika, nenda kwa fundi wiki hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mshono wa leo ni wa dakika chache. Ukingoja mpaka ukanda ung'oke, utakuwa umepoteza samaki, ndoana na leseni katika maji ya Thego.

Basi, ndugu mkulima, kabla ya kununua mkoba mwingine, nenda sokoni Karatina, Nyeri au Nanyuki, umtafute fundi wa viatu mwenye sindano nzito. Mwonyeshe ukubwa unaoutaka, choma uzi, tazama ukingo wa ngozi, na umwulize kama atakubali kuushona tena baada ya miaka mitano. Akisema ndiyo bila kusita, huyo ndiye wa kupewa fedha zako.